Mafiga ya Bi Bakhita

Bi Kheiria alipata habari kwamba ukoo wa marehemu mumewe una walii wa kike akiwa matangani Ghubra, mtaa wa Muscat, kikombe cha kahawa mkono mmoja, tende mkono wa pili. Aliyemletea alikuwa Bi Nawar, jirani yake wa zamani, ambaye hujui siku gani atakuja na habari lakini unajua kwamba atampelekea yule asiyetaka kuisikia. Alimsogelea kwenye busati, akamgusa goti, na kwa sauti iliyowatosha wanawake wa chumba kizima akamwambia, "Kumbe kwenu mna bibi mwenye karama, Kheiria, na miaka yote hii umenyamaza? Mpaka tuje kuambiwa na Wazungu?"

Kisha akamnyooshea simu.

Kwenye simu palikuwa na picha ya jangwa la Sharqiya. Watu waliovaa majoho meupe walikuwa wamekaa juu ya mito, wamefumba macho, kengele ya shaba mbele yao, wameyazunguka mawe matatu makubwa yaliyosimama mchangani yakitazamana. Maandishi ya Kiingereza yalimkaribisha msomaji katika usiku wa anasa na utulivu kwa Bibi wa Mawe, kwenye kaburi takatifu la miaka elfu, chini ya ulinzi wa kizazi chake. Chini ya hapo, kwa herufi za dhahabu, limeandikwa jina la ukoo, kamili, halikupungua hata nukta. Na pembeni, ndani ya kiduara, uso wa mwanamke mzee aliyejifunga mtandio: Bi Bakhita, mama yake marehemu Marhoon, mkwewe Bi Kheiria, ambaye uhai wake wote hakukubali kupigwa picha ila ya pasipoti, na hiyo yenyewe alimnunia mpiga picha.

Bi Kheiria aliirudisha tende kwenye sahani. Akamwombea rehema aliyekufa, akawapa pole wafiwa, akaaga. Mlangoni alisikia chumba kizima kikianza kuzungumza kwa pamoja.

Hakuwa mtu wa kubabaishwa na maneno ya busatini. Alisoma Kairo wakati ambapo mabinti waliosoma Kairo walihesabika, akasomesha hisabati, akawa mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana, na wanafunzi wake leo ni madaktari na wakurugenzi wanaoficha simu wakimwona anaingia dukani. Tangu Marhoon alipofariki, jina la ukoo lilimwangukia yeye, maana wanaume waliobaki ni wapole au ni wavivu. Kulikuwa na mpwa mmoja aliyefungua mkahawa Khuwair ya Kusini akaubandika jina la babu yao juu ya picha ya kuku wa kuchoma. Bi Kheiria alikwenda mwenyewe, akasimama chini ya kibao mpaka kikashushwa. Lakini yule alikuwa mpwa. Huyu wa Bibi wa Mawe alikuwa mwanawe wa kumzaa.

Sinan alikuwa amesomea mambo ya hoteli Ulaya, na alipofungua kampuni ya utalii alimwambia mama yake kwamba atajenga kambi ndogo jangwani, karibu na kwa babu. Bi Kheiria alidhani ni mahema machache na chai ya maziwa. Hakupeleleza. Alikuwa na mambo yake.

Ijumaa Sinan alipokuja kula, mama yake alimwacha amalize samaki. Kisha akamuuliza ni nani aliyezikwa chini ya mawe yale.

Sinan alijibu kama mtu anayejua somo lake. Hajui jina, alisema, na uso ameuazima wa bibi yake kwa kukosa mwingine, lakini ni bibi wa ukoo, bila shaka mcha Mungu, maana kaburi lake limetengwa. "Na wewe ndiye uliyenifundisha, mama. Kaburi la mwanamume mawe mawili, la mwanamke matatu. Nilipokwenda kupima kiwanja niliyaona, nikahesabu, nikajua."

Hilo la mawe lilikuwa kweli. Ndivyo wanavyozika watu wa kwao, bila kuba wala maandishi, mawili kwa mwanamume, matatu kwa mwanamke, na Sinan alifundishwa akiwa mdogo, mkono wake ndani ya mkono wa mama yake. Bi Kheiria alifumba macho kidogo, kama alivyokuwa akifanya darasani kila mwanafunzi alipopata jibu lisilo sahihi kwa njia iliyo sahihi.

"Mawe ya kaburi yanapangwa mstari, Sinan. Tangu lini maiti akazikwa pembetatu?"

Sinan alisema alidhani ni upepo umeyasogeza.

"Upepo haulisogezi lile la upande wa kibla. Nalijua, mie nililikalia." Akamweleza. Alikuwa bibi harusi wa miezi michache. Bi Bakhita, aliyekuwa ametoka Zanzibar na mwiko wake na ubishi wake, alikataa katakata kupikia watu wengi juu ya jiko la gesi linalozimika kila upepo ukipuliza. Akamwamrisha mwanawe Marhoon alete mawe kutoka kwenye wadi, lile bonde la mto mkavu, kwa pikapu, na mkwe mpya akapandishwa nyuma kuyashika yasibingirike. Mawe yakasimamishwa pale, sufuria kubwa ikawekwa juu, na tangu hapo, kila mwaka, familia ilipokwenda kumzuru babu yao, pilau lilipikwa hapo, mpaka Bi Bakhita alipofariki, Sinan akiwa bado mchanga. "Hayo ni mafiga. Unawakalisha watu na majoho, unawagongea kengele, wanayafumbia macho mafiga ya bibi yako. Hayana miaka elfu. Yamenikuta mie nina miaka ishirini na ushei."

Mtu mwingine angecheka. Sinan alipangusa mikono, na alipofungua tena mdomo alikuwa ameshakuwa mfanyabiashara. Alhamisi wanakuja wakubwa wa mashirika ya safari, watu wa kuamua wageni wapelekwe wapi dunia nzima. Kila kitu kimekwisha kutengenezwa. Ikijulikana sasa kwamba hapana Bibi, kambi imekufa, na yeye atakuwa mwongo mbele ya nchi nzima, yeye na jina lake. Wageni wanapata utulivu pale, awe bibi au mafiga, nani anadhurika? Halafu akasema neno ambalo hakupaswa kulisema, lakini lilikuwa kweli.

"Na ukiwaambia kwamba pale si kaburi, mama, wataniuliza kaburi liko wapi. Nawe unajua liko wapi. Nyuma ya tuta tu."

Bi Kheiria alijua. Nyuma ya tuta, chini ya mti wa ghafu, mawe mawili madogo yasiyofika hata magotini: Sheikh Mutasim, babu wa ukoo, aliyewasomesha watu wa jangwani Kurani akafia kwao. Marhoon alipokuwa anaumwa aliomba jambo moja tu kuhusu mahali pale, kwamba pasijengwe wala pasitangazwe. Anayekuja aje asome Fatiha, arudi. Watu wao hawaabudu makaburi, hawayapaki mafuta, hawayafuniki vitambaa. Sasa akisema kweli, wale wa majoho watavuka tuta na kengele yao. Akinyamaza, jina la mumewe litakuwa limeuzwa pamoja na uwongo, na uso wa mama mkwe kama muhuri.

Alianza kukusanya sahani, na Sinan akadhani amemshinda. Akamwomba basi aje Alhamisi, akae mbele kama mkubwa wa familia, awasalimie wageni, asiseme mengi.

"Nitakuja," alisema Bi Kheiria. "Na vitu vyangu."

Alhamisi asubuhi gari ya kambi ilikuja kumchukua. Dereva alikuwa Levi, Mkenya mwenye mabega mapana, aliyekwishafanya kazi Muscat muda wa kutosha kuchanganya "khalas", yaani basi, kwenye kila sentensi. Aliingia stoo kuchukua mizigo, akatoka amekumbatia sufuria ambayo ilimficha kuanzia kiunoni hadi kidevuni.

"Mama, hii ni ya kupikia watu ama ya kuwaoshea?"

"Pakia, Levi."

"Napakia, mama, khalas. Nauliza tu, kwa sababu mudir Sinan alisema unakuja na mkoba."

Alipakia na mbuzi aliyekwisha kuchinjwa na kukatwakatwa, ndani ya sanduku la barafu, na mchele, vitunguu, viazi, bizari. Njia nzima Levi alisimulia bila kuulizwa. Bi Kheiria, ambaye kwa kawaida hapendi dereva anayesema, alimwacha, na hivyo akajua mambo ambayo Sinan hakumwambia. Alijua kuna orodha ya mito, mgeni huchagua wa kulalia. Alijua miguu huoshwa kwa maji ya waridi kabla ya kukanyaga mchanga, mchanga uleule. Na alijua kuhusu kamba.

"Kuna wazee wa huku, mama, wenye mbuzi. Kina mzee Nasr. Zamani walikuwa wanapitia hapo kwa mawe wakienda kisimani. Sasa kumewekwa kamba na mlinzi, wazunguke huko mbali. Ati wanaingia kwenye picha."

Bi Kheiria alimwambia arudie. Levi akarudia, kwa sauti ndogo zaidi, akidhani amekosea. Kutoka hapo hadi kambini Levi, kwa mara ya kwanza, alifunga mdomo.

Kambi ilikuwa nzuri, hilo hakuweza kulikataa, na lilimuudhi zaidi. Mahema yalikuwa na viyoyozi na mabafu ya marumaru. Kijana mmoja alimletea kahawa ndani ya bilauri, na barafu. Akairudisha, akaeleza kwa nini, ikaletwa nyingine, kwenye finjani, lakini imemiminwa mpaka ukingoni kama vile wanataka anywe aondoke. Akaachana nayo. Aliyatafuta mafiga kwa macho, akayaona: yamezungushiwa kamba ya hariri nyekundu, yamemwagiwa maua ya waridi, na mbele yake pamesimama kibao kinachowaomba watu wasiseme. Bi Bakhita, aliyekuwa akisikika akigombana na moto kutoka upande wa pili wa tuta, amewekewa kibao cha watu kunyamaza.

Baada ya alasiri wageni walikaa kwenye mito yao. Kengele ya shaba iligongwa. Sinan, kanzu imenyooka, kilemba kimefungwa vizuri, alisema maneno mazuri juu ya ukimya wa jangwa na damu ya wazee, kisha akamtambulisha mama yake, mlezi wa mahali hapa. Akajiweka tayari kutafsiri.

Bi Kheiria alisimama, akazungumza Kiingereza. Sinan alikuwa amesahau, au alipenda kusahau, kwamba mama yake alikisema Kiingereza kabla yeye hajazaliwa.

Hakupandisha sauti. Aliwaambia kwamba mwanamke wa kwenye picha anaitwa Bakhita, alikuwa mama mkwe wake, na amezikwa mjini kwenye kaburi kama la mtu mwingine yeyote. Karama hakuwa nayo, ila moja, kwamba hakuna aliyewahi kumwona akitoa wali mbichi. Mawe haya aliyaweka yeye, kwa sababu alikuwa amechoka na jiko la gesi. Mwanawe Sinan alikuwa mdogo mno kuyakumbuka. Alihesabu mawe matatu akakosea hesabu, na kosa la hesabu ni la mwalimu wake. Kisha akageuka.

"Levi. Ilete."

Levi alimtazama mudir, akamtazama mama, akaamua. Sufuria ilikuja. Bi Kheiria aliifungua kamba ya hariri kwa mkono wake, akayakung'uta maua, na Levi akaitua sufuria juu ya mawe matatu. Ilikaa. Haikutikisika hata kidogo, kama kofia kwenye kichwa cha mwenyewe.

Mwanamke mmoja mzee kati ya wageni, mwenye nywele fupi nyeupe, aliinua mkono kama yuko skuli, akauliza lile ambalo Sinan alikuwa akiliogopa tangu Ijumaa. Kwa hiyo kaburi ni lipi? Lipo kweli? Wanaweza kuliona?

Sinan alimtazama mama yake. Uso wake ulikuwa ule wa utotoni, wa siku alizovunja kitu.

"Lipo," alisema Bi Kheiria. "Aliyelala hapo hakutuachia ruhusa ya kuwapeleka kwake. Alituachia ruhusa ya kuwalisha. Basi mtakula."

Na kwa kuwa hakuzoea kuona watu wazima wamekaa bure wakati kuna kazi, akawagawia vitunguu.

Ilikuwa ni vurugu, si haba. Mkubwa wa shirika la London alikata kitunguu kwa kisu cha siagi. Mwingine alitaka kujua kama moshi una dawa ndani yake. Yule wa nywele nyeupe alikunja mikono ya joho lake akamenya viazi vizuri tu, na Bi Kheiria akamsifu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi hata kwa walimu wake. Sinan alisimama kando na simu mkononi. Levi alichochea kuni akisema moshi huu utaonekana hadi Nairobi.

Haukufika Nairobi. Ulifika ulipotakiwa kufika. Jua lilikuwa bado halijagusa tuta walipotokea, kwanza mzee Nasr na fimbo yake, kisha wanawe, kisha wanawake na watoto na mbuzi. Walisimama mbali, kama vile kamba bado ipo. Mlinzi wa kambi aliinuka kuwazuia. Bi Kheiria alimtazama tu, mlinzi akakaa tena.

Mzee Nasr, bila kusogea, aliuliza kwa Kiarabu cha jangwani huu ni moshi wa nani.

"Wa nyumba ya Marhoon," alijibu Bi Kheiria.

Mzee aliitazama sufuria, akawatazama watu wa majoho, akamtazama yeye.

"Tulidhani mmekwisha," alisema. "Ilipowekwa kamba tukasema, basi, wale watu wamekwisha, wameuza."

Maneno yote ya matanga ya Ghubra, na yote ambayo Bi Nawar angeweza kuyatunga mpaka Siku ya Kiyama, hayakumchoma Bi Kheiria kama hayo. Alihisi masikio yamepata moto. Alitaka kusema kitu kirefu, chenye heshima, chenye kuanza na baba zetu na baba zenu. Badala yake akashika upawa.

"Karibuni," alisema. "Chakula kinaiva."

Waliwaandalia kina Nasr kwanza, masinia mawili, chini, mikono ndani. Wakubwa wa mashirika ya safari walingoja, na sahani zao za kaure tupu mapajani. Hakuna aliyelalamika, na Bi Kheiria, aliyekuwa amejiandaa kwa malalamiko, karibu audhike kwa kuyakosa.

Walipokwisha kula, yule wa nywele nyeupe alimwendea Sinan akamwambia kwamba yeye atawaleta watu wake, lakini kwa ajili ya hii sufuria; kengele wabaki nayo. Bi Kheiria aliona macho ya mwanawe yakianza kung'aa. Aliijua ile nuru. Baba yake alikuwa nayo mbele ya kila gari bovu lililokuwa likiuzwa.

"Mama, tunaweza kuiita Karamu ya…"

"Huiiti chochote. Jina la baba yako unaliondoa. Picha ya bibi yako unaiondoa. Kamba imeshaondolewa. Kitu kinachopikwa juu ya mawe haya hakiuzwi, si kwa mgeni wala kwa mtu yeyote. Wakulipe mahema na mito yako wakitaka. Na mtu wa kisimani akiona moshi, anakula mwanzo. Nyuma ya tuta hampiti isipokuwa kwenda kusoma Fatiha, na hiyo utaisoma wewe, si wao."

Sinan alifikiri. Alikuwa mkaidi, lakini hakuwa mjinga, na pilau lilikuwa tumboni mwake.

"Na nani atapika, mama? Wewe huwezi kuja kila wiki."

Bi Kheiria alimpa mwiko.

Miezi michache baadaye kulikuwa na khitma mtaa wa Ansab, na Bi Nawar alikuwepo, kwani ni wapi asipokuwepo. Alimsogelea kwenye busati, akamgusa goti. Akasema amesikia yule bibi wa karama amefutwa, masikini, na watu walianza kumzoea. Bi Kheiria akamjibu kwamba hakuna aliyefutwa, maana hakuna aliyekuwapo. Bi Nawar hakuridhika, akanyoosha simu.

Kwenye simu palikuwa na picha ya Sinan. Kanzu ameikunja mpaka magotini, kilemba kimemlegea, machozi ya moshi yanamtiririka, amezamisha mwiko ndani ya ile sufuria kama anayepiga makasia. Nyuma yake mzee Nasr amekaa, anangoja, na yule wa kisu cha siagi amekaa baada yake. Chini ya picha hapakuandikwa jina la mtu.

Bi Nawar alingoja. Wanawake wa busati nao wakaacha kuzungumza, wakangoja.

Bi Kheiria alivaa miwani, akaichukua simu, akaisogeza karibu na macho. Alitazama kwa muda mrefu.

"Umeshika chini, wali huo," alisema akimrudishia simu yake. "Nilimwambia apunguze moto, hasikii. Alhamisi itabidi niende tena."